Maelezo Niliyoyachukua Mbele ya Mkwe

Usiku wa Alhamisi sikulala, na wa Ijumaa sikulala, kwa sababu sikuwa na hakika kama mgonjwa niliyemruhusu kwenda nyumbani nilikuwa nimemsikia. Nilimwona, nilimpima, nilimwandikia dawa. Lakini kila nilipojaribu kuikumbuka sauti yake, haikuja. Ilikuja sauti ya mwanamume.

Sikumwambia mtu. Ningemwambia nani? Nilikuwa mwezi wa nne wa mafunzo kwa vitendo katika hospitali moja ya Iringa, na katika miezi hiyo minne nilikuwa nimeshajulikana wodi nzima kwa mashaka yangu. Nikifunga kabati la dawa, narudi kulivuta. Nikiandika dozi, naitafuta kwenye simu, kisha kwenye kitabu, kisha namuuliza nesi. Kulikuwa na nesi mmoja mtu mzima, Mhehe mwenye maneno, ambaye akiniona nageuka mlangoni hunipigia kelele wagonjwa wote wasikie: "Dokta, nenda tu. Nimemwangalia, bado anapumua." Wagonjwa wanacheka, nami nacheka, halafu napita tena pale kitandani nikijifanya nimesahau kalamu.

Mtu wa namna hiyo akipata shaka ya kweli haitambui. Hofu zangu zote zilikuwa na sauti moja. Ile ya kabati na ile ya mgonjwa niliyemruhusu zilinijia kwa mwendo uleule, nami nikaziambia zote mbili zininyamazie.

Mgonjwa mwenyewe alikuwa mama wa miaka hamsini na kitu, mkulima wa mahindi na alizeti. Alifika Jumanne mchana akiwa hatua kumi nyuma ya kijana mrefu mwenye mafuta ya grisi kwenye kucha. Kijana alikuwa mume wa binti yake, fundi pikipiki pale Idodi. Alinieleza kwamba mama alipoanza kuumwa alimtoa kijijini kwake, akamweka kwake karibu na barabara ili iwe rahisi kumfikisha hospitali. Mke wake hakuwepo. Alikuwa Rujewa kwenye mashine za mpunga, msimu ukiwa umechanganya. Kwa hiyo mgonjwa alikuwa mikononi mwa mkwe.

Mama alijua Kiswahili cha sokoni, lakini Kihehe ndicho alichosemea mambo yake. Mimi ni wa Ilomba, Mbeya. Nyumbani tunaongea Kinyakyusa, na Kihehe changu kiliishia kwenye "kamwene". Nilipomsalimu hivyo aliitikia kwa adabu, akajifunika kitenge mpaka kwenye nyusi, akageukia ukuta.

"Kinaanzaje, mama?"

Akasema kitu kifupi, akiuambia ukuta.

"Anasema kinakuja ghafla," kijana akadaka. "Dokta, hata mimi nimeona. Yuko mzima kabisa, anaenda zake bustanini. Sijamaliza kufunga nati moja, huyo anatoka ameshika kichwa kwa mikono miwili. Jasho linamtoka kama kamwagiwa. Midomo myeupe. Juzi alianguka kwenye matuta ya figiri."

"Anakuwa anafanya nini bustanini?"

Akasita kidogo. "Kazi za bustani."

"Anainama?"

"Eeh, si bustani, dokta? Anainama."

Nikaandika: maumivu makali ya ghafla, huanza akiwa ameinama bustanini. Nilifurahi. Nawapenda watu wanaoeleza mambo kwa mpangilio, na yule kijana alieleza kuliko wanafunzi wenzangu wengi wa chuo. Nikamuuliza mama kama mwanga unamsumbua. Kijana akasema, "Huyo tangu tutoke nyumbani hajainua uso kumtazama mtu." Nikaandika: mwanga unamsumbua macho.

Daktari bingwa wetu alikuwa ametufundisha kuuogopa ugonjwa wa namna ile. Kichwa cha kawaida huanza polepole na kupanda. Hiki hufika juu kabisa ndani ya dakika moja, kama mtu aliyepigwa shoka kwa nyuma, na jambo la kwanza ni kutafuta damu kwenye ubongo. Tulitafuta. Picha ya CT ilikuwa safi. Maji ya uti wa mgongo yalikuwa meupe, hayana damu wala maambukizi. Baada ya hapo yanabaki magonjwa ya nadra, yale ambayo ukimaliza mtihani unayasahau, na mengi kati yake huyapati kwa kipimo chochote ulichonacho. Unayapata kwa kuuliza.

Jumatano, mama akiwa wodini, kilimkamata. Mimi mwenyewe nilimkuta kwenye korido amejibana ukutani, macho yamemtoka, jasho likidondoka kwenye kidevu. Tulimbeba mpaka kitandani, tukatafuta mashine ya presha, ile ya kwanza betri imekwisha, tukaenda kuazima wodi ya pili. Tulipompima ilisoma mia na hamsini na nane kwa tisini na tano. Presha ya mtu aliyeogopa, nikajiambia. Moyo ulikuwa ukikimbia sana. Nilimwita mkwe aje anisaidie kumuuliza. Mimi ndiye niliyemwita. Alikuwa amekaa nje kwenye benchi, na mama alipomsikia anaingia akavuta kitenge.

Alhamisi asubuhi, bingwa alipopita, nilieleza kesi yangu bila kutazama karatasi. Kichwa cha ghafla, akiinama, mwanga unamsumbua, picha safi, maji safi, moyo unakimbia. Nikapendekeza propranolol. Dawa moja, nikasema, itatuliza moyo na itazuia hicho kichwa kisirudi. Bingwa alinitazama juu ya miwani. "Hapo umefikiri," akasema, akatia sahihi. Ilikuwa mara yake ya kwanza kunisifu, na nilitembea nayo siku nzima. Mama akaondoka na vidonge vya wiki moja, asubuhi, mchana na jioni, na onyo langu kwamba asiruke hata kimoja.

Jumamosi nilikuwa na mapumziko ya siku mbili, nikaenda nyumbani Ilomba. Nilifika mchana, kichwa changu chenyewe kizito kwa kukosa usingizi. Mke wa kaka yangu alikuwa amejifungua wiki tatu nyuma na alikuwa analelewa pale kwetu. Mama yangu aliniambia nikiwa bado na begi mkononi kwamba wifi yangu ana homa.

Baba alikuwa sebuleni na redio yake. Wifi alikuwa chumba cha nyuma, pazia katikati yao. Kwetu mkamwana hakutani na baba mkwe ana kwa ana kama anaweza kuepuka, na wifi yangu, pamoja na diploma yake na simu yake kubwa, akisikia baba anakohoa getini hupotea kama moshi. Nimekua nikiliona jambo hilo tangu kwa bibi. Lilikuwa jambo la kawaida kama viatu kuachwa mlangoni, na sikuwahi kulifikiria.

Baba akamwambia mama, "Muulize mkamwana kama homa imepungua."

Mama akageuka nusu hatua. "Unaulizwa, homa imepungua?"

Kutoka nyuma ya pazia: "Imepungua. Ndaga, mama, asante."

"Anasema imepungua," mama akamwambia baba, ambaye alikuwa amesikia kila neno.

Baba akaitikia kwa kichwa, akaridhika, akachukua kofia akatoka kwenda kumwangalia fundi aliyekuwa akimwezekea jirani. Geti lilipojibamiza tu, wifi akatoka nyuma ya pazia akilia kimyakimya, mkono mmoja umeshika kifua. Nikamwambia anionyeshe. Titi la kushoto lilikuwa jekundu, linawaka, gumu kama jiwe upande mmoja, na katikati pameanza kulainika. Usaha.

"Tangu lini?"

"Jumatano."

"Jumatano! Na sasa hivi umesema imepungua?"

Alinitazama kama mtu anayemtazama mwendawazimu. "Wifi, mbele ya baba? Nitamke titi?"

Mkono wangu ulibaki palepale hewani.

Sijui nieleze vipi kilichonipata. Nilikuwa natazama titi la wifi yangu lakini nilikuwa naona kitenge kikivutwa mpaka kwenye nyusi. Nikamwona yule mama akiuambia ukuta. Mwanga haukuwa ukimsumbua. Alikuwa anamkwepa mkwe wake. Na mimi, binti wa nyumba ambayo mkamwana huongea kupitia pazia, nilimkalisha mama mkwe na mkwe wake kwenye chumba kimoja, nikamfanya mkwe awe mdomo wake, nikauliza mambo ya mwilini, kisha aibu yake nikaiandika kama dalili.

"Wifi? Ni vibaya kiasi hicho?"

"Siyo wewe," nikasema. "Yaani, wewe pia. Mama! Mpeleke kituo cha afya sasa hivi, likatumbuliwe. Sasa hivi, usisubiri baba arudi."

Walipoondoka niliketi nyuma ya nyumba kwenye ngazi ya jikoni na daftari langu. Nina tabia ya kuandika wagonjwa wangu kwenye daftari, pamoja na namba za simu, kwa sababu ya mashaka hayohayo. Nikaipata kesi yake. Bustanini. Nililitazama neno hilo kwa muda mrefu. Bustani ipi hiyo, nikajiuliza, kwani mama mgonjwa, mgeni kwenye nyumba ya mkwe, analimaje figiri kila siku? Mtu huenda nyuma ya bustani mara tano sita kwa siku kwa sababu nyingine. Nikakumbuka ile korido ya Jumatano. Korido ile haiendi kokote ila msalani.

Namba iliyoandikwa ilikuwa moja tu, ya mkwe. Nikapiga.

"Dokta! Kamwene, dokta."

"Kamwene. Mama anaendeleaje?"

"Dawa anameza vizuri, hajaruka hata kimoja, nasimamia mwenyewe. Ila..." Nikasikia spana ikiwekwa chini. "Ila tangu jana kinamkamata vibaya kuliko mwanzo. Jana mara mbili. Leo asubuhi alipotoka huko bustanini alikuwa haoni. Kaketi chini, anapapasa. Kama robo saa hivi, ndipo macho yakarudi."

"Choo chenu kiko wapi?"

"Choo?"

"Choo, ndugu yangu. Kiko wapi?"

"Si kule nyuma. Unapita bustani."

Hakuwa amenidanganya hata mara moja. Alisema alichokiona, na aliona kile tu ambacho mkwe anaruhusiwa kukiona: mama mkwe anaelekea bustanini, mama mkwe anatoka bustanini. Yaliyo katikati hayakuwa yake kuyajua.

"Naomba nimpate mama kwenye simu."

"Sawa, naiweka kwenye kigoda, aje aichukue."

"Kwa nini usimpe mkononi?"

"Dokta," akasema kwa upole, kama mtu anayemwelekeza mtoto, "huyu ni mama mkwe wangu."

"Basi iweke. Halafu ondoka hapo."

"Niende wapi?"

"Popote. Nenda barabarani."

Nilisikia hatua, jogoo, hatua nyingine za taratibu, kisha pumzi.

"Mama, ni mimi daktari, yule binti. Mkwe ameondoka?"

"Ameenda. Yuko kwenye pikipiki zake."

Ndiyo hiyo sauti. Ilikuwa nzito, ya mtu aliyewahi kuimba. Nilikuwa nakisikia Kiswahili chake kwa mara ya kwanza, na kilitosha kabisa. Kingetosha Jumanne.

"Mama, nisamehe kwa nitakachokuuliza. Hicho kichwa kinakuja ukienda kukojoa?"

Jogoo aliwika mara mbili.

"Nani amekuambia?" akanong'ona. "Sijamwambia mtu. Hata binti yangu sijamwambia. Nani amekuambia, mwanangu?"

Akaanza kulia, na akilia akaeleza. Akichuchumaa, maji yakianza kutoka, kifua kinagonga. Akimaliza tu, kichwa kinapasuka. Kila mara, zaidi kibofu kikiwa kimejaa. Ameacha kunywa maji ili asiende. Ameacha chai, ameacha uji. "Nakunywa kikombe kimoja tu kwa siku," akasema, "cha kumezea dawa zako."

Niliposikia hayo nilisimama, nikaketi tena, nikasimama.

Kuna uvimbe wa nadra unaotengeneza homoni zilezile ambazo mwili humwaga mtu akishtuka sana. Mara nyingi hukaa juu ya figo. Mara chache mno hukaa kwenye ukuta wa kibofu, na kila kibofu kikijikaza unakamuliwa kama sifongo: presha inaruka mpaka mahali pa kupasua mshipa, halafu inashuka kabla hujapata mashine yenye betri. Nilikuwa nimesoma mistari minne juu yake chuoni. Mstari wa nne nilikuwa naukumbuka kwa maneno yake. Ulisema usimwanzishie mgonjwa huyu propranolol peke yake. Inamfunga moyo breki, inaiacha mishipa ijikaze bila kizuizi, na presha inapanda zaidi. Mshipa mmoja kwenye ubongo ukipasuka, basi.

Kidonge cha jioni kilikuwa saa mbili. Ilikuwa saa kumi na dakika chache.

Bingwa alipokea simu ya tatu.

"Shikamoo, dokta."

"Marahaba. Wewe si uko mapumziko?"

"Niko Ilomba."

"Sasa mbona nakusikia kama uko wodini?"

Nikaeleza yote kwa pumzi moja, mkwe, kitenge, choo, vidonge. Alisikiliza. Kisha akacheka, si kwa ubaya. "Huo ugonjwa nimeusoma. Nimezeeka kwenye kazi hii, sijauona. Wewe una miezi minne na tayari umempata, tena kwa simu?" Kisha akauliza, "Ulimuulizaje?"

Nikamwambia.

"Hukumuuliza. Ulimwambia. Mama wa watu, daktari anamtajia kitu, atakataa? Hata kuinama bustanini, nadhani wewe ndiye uliyemtajia yule mkwe." Nikahisi uso unaniwaka, kwa sababu ni kweli. "Dawa aendelee. Ukikatisha kiholela, moyo nao utakwenda mbio. Jumatatu aje kliniki tumwangalie kwa utulivu. Na wewe ulale, binti. Unaumia bure."

Alikata simu kwa upole, na upole huo ulinimaliza. Kama angenifokea ningekasirika, na hasira ingenisaidia. Niliketi pale kwenye ngazi nikaanza mchezo wangu wa siku zote. Labda nimemtia maneno mdomoni. Labda nimechanganya kwa sababu ya wifi. Labda natafuta kusifiwa mara ya pili. Labda huo mstari wa nne sikuusoma hivyo. Nikautafuta kwenye simu, ulikuwa hivyo. Nikautafuta mahali pengine. Ulikuwa hivyo. Saa kumi na nusu. Mtu ambaye amekuwa akiogopa makabati angejuaje kwamba sasa ameogopa kitu chenyewe?

Kilichonitoa hapo si ujasiri. Ni yale maneno, "Nani amekuambia?" Mtu anayemkubalia daktari kwa adabu anasema ndiyo. Hashtuki kwamba siri yake imejulikana. Na kile kikombe kimoja cha maji sikumtajia mimi. Nikajaribu kuweka makosa mawili mbele yangu. Nikimwachisha dawa na ikawa nimekosea, mama ataumwa kichwa mpaka Jumatatu, na mimi nitaitwa ofisini. Nikinyamaza na ikawa sikukosea, binti yake aliyeko Rujewa atapigiwa simu.

Saa kumi na moja nikapiga Idodi.

"Mwambie mama asimeze tena vile vidonge. Hata kimoja."

"Lakini dokta, ulisema asiruke."

"Nilikosea."

"Nani amekosea?"

"Mimi. Mimi ndiye niliyekosea. Na kesho asubuhi mlete hospitali, mimi nitakuwepo."

"Kesho Jumapili, magari ya asubuhi ni ya kubahatisha. Pikipiki ninayo, lakini..." Akakohoa. "Atakaaje nyuma yangu, dokta? Atanishika wapi?"

"Tafuta gari," nikasema. "Mwambie dereva mama ni mgonjwa, kwa hiyo barabarani aende taratibu. Na muombe mwanamke yeyote wa jirani aje naye, akae naye hata chooni."

Jioni hiyohiyo nilirudi Iringa. Mama yangu alinifungia ndizi kwenye mfuko bila kuuliza, maana wifi alikuwa ameshatumbuliwa na alikuwa amelala, na mimi nilikuwa na sura ambayo mtu haiulizi.

Jumapili saa nne walifika kwa gari la Noah. Mkwe alibaki getini bila kuambiwa. Nesi wangu mwenye maneno alikuwa zamu, nikamweleza yote kwenye stoo ya shuka. Safari hii hakunitania. Alivua miwani, akasema, "Masikini, na mimi nilimuuliza nini siku zile? Nilimuuliza kama amekula."

Alimchukua mama kwa mkono, wakaongea Kihehe muda mrefu, kwa sauti za chini. Tukamwekea njia ya dawa mkononi, tukaandaa dawa ya kushusha presha, tukamfunga mkanda wa mashine mkononi kabla hajaamka kitandani. Mia na arobaini na sita kwa tisini. Hatukuwa tunamchokoza, mkojo ulikuwa unakuja wenyewe. Nesi akaingia naye msalani. Mimi nilisimama mlangoni na mashine mikononi, mpira wake umepita chini ya mlango.

Nilisikia maji. Kisha nilisikia mama akivuta pumzi kama mtu aliyetumbukia mtoni. Nikabonyeza.

Mashine ilijaza, ikajaza, ikasita, ikajaza tena. Mia mbili thelathini na nane kwa mia na arobaini na mbili.

"Dokta," nesi aliita kutoka ndani, sauti imepanda, "anakuwa mweupe. Imesoma ngapi?"

Niliigeuza mashine kuelekea mlangoni. Nilijua, nilikuwa nimekuja kutoka Mbeya kwa sababu nilijua, na bado zile namba zilinipiga kama kofi. Nesi alifungua mlango kwa mguu huku amemkumbatia mama, akaisoma mwenyewe. "Mungu wangu," akasema. "Hii amekuwa nayo kila siku? Kule choo cha shimo, peke yake?"

Tulimpa dawa. Ikashuka. Mchana fundi wa ultrasound alikipitia kibofu, akasimama mahali pamoja, akanionyesha kwa kidole: kitu cha ukubwa wa karanga na ganda lake, kimejishikiza ukutani. Ilichukua miezi, na hospitali kubwa ya mbali, na dawa za kulegeza mishipa kwanza, mpaka kikatolewa salama. Na siku mama alipopita Iringa akirudi kwao alikunywa soda mbili mbele yangu mfululizo. Lakini Jumapili ile hakuna aliyejua kama tutafika huko.

Bingwa alikuja kutoka kanisani, bado amevaa tai. Alizitazama namba. Aliitazama picha. Aliongea na mama kupitia kwa nesi, mkwe akiwa mbali kabisa. Kisha akaniita kwenye meza ya wodi.

"Kidonge cha mwisho amemeza lini?"

"Jana mchana."

"Mimi nilisema aendelee."

"Nilimsimamisha baada ya kuongea na wewe."

"Kwa ruhusa ya nani?"

"Sikuwa na ruhusa, dokta."

Alilegeza tai yake. Nesi alikuwa ameacha kukunja shuka.

"Basi andika hivyohivyo," akasema, akanisogezea faili. "Na nilichosema mimi ukiandike pia. Usinifiche."

Nikafungua ukurasa wa Jumanne. Nikapiga mstari mmoja juu ya maelezo yangu, ili yaendelee kusomeka, na chini yake nikaandika: Maelezo haya si sahihi. Niliyachukua kwa mkwe, mbele ya mgonjwa. Maumivu huanza anapokojoa. Propranolol niliipendekeza mimi. Nimeisimamisha mimi, jana saa kumi na moja jioni, kinyume cha maelekezo ya daktari bingwa. Nikatia sahihi, nikaandika na saa, nikampa asome.